Kununua mabegi ya jumbo ya poda: anzia chini, sio kwenye bei

Ukimpigia simu muuza mabegi ya jumbo, yale ya tani moja yenye mikanda minne, swali la kwanza atakalokuuliza ni saizi gani na unataka mangapi, na hapohapo ndo mnaanza kupotezana. Wewe unajibu "ya tani moja bosi, mia tatu", yeye anataja bei, mnavutana kidogo anakupunguzia, unajiona mjanja, Canter inaleta mzigo hadi Vingunguti mnapanga stoo, alafu siku ya kazi ndo unagundua kwamba begi zuri kabisa, jipya, halina pa kutolea poda.

Hilo lilinikuta mimi, sikusimuliwa. Tulikuwa na chokaa laini ya kulisha kwenye mashine ya kuchanganyia, mabegi tuliyonunua yalikuwa ya kitako bapa, yaani chini hakuna mdomo, na yalikuwa bei chee kweli kuliko yenye mdomo. Sasa begi la kitako bapa ukitaka kulitoa mzigo unalichana. Kijana akapitisha kisu chini, tani nzima ikashuka kwa mpigo mmoja, hopa, ile faneli kubwa ya kulishia mashine, ikafurika, wingu jeupe likatoka hadi nje, mama ntilie wa jirani akakimbilia kufunika masufuria huku anatusema maneno ambayo siwezi kuyaandika, na sisi tukabaki tunaonekana macho tu. Na chokaa sio vumbi la barabarani, inachoma macho na koo, wawili walioshwa macho nusu saa bombani. Mabegi yaliyobaki tuliishia kuwekea mchanga.

Kwahiyo tangu siku ile nachagua begi kwa kurudi nyuma: naanza na namna poda itakavotoka, naenda namna itakavoingia, alafu ndo saizi, kitambaa, na mwisho kabisa bei. Nitaenda kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Ijue poda yako kabla hujaongea na mtu

Huhitaji maabara kwa kuanzia, unahitaji ndoo ya lita 20, mizani na kiganja chako. Ndoo kwanza ijaze maji hadi ukingoni uipime, toa uzito wa ndoo tupu, kilo zinazobaki ndo lita halisi za ndoo yako, maana ndoo za mtaani zinaandikwa 20 ila ukijaza hadi juu mara nyingi zinapita. Ikauke vizuri, alafu jaza poda kwa kumimina bila kugongagonga, sawazisha juu kwa ubao, pima. Gawanya kilo kwa lita. Sukari utapata kama 0.85, unga wa ngano 0.5 hadi 0.6, chokaa laini iliyozimwa 0.4 hadi 0.5, saruji ikiwa imelegea 1.0 na zaidi. Alafu igonge ile ndoo chini mara hamsini uone imeshuka kiasi gani. Ikishuka sana ujue hiyo poda inabeba hewa nyingi, na hewa ndo itakayokusumbua kwenye kujaza na kwenye kutoa.

Baada ya hapo finya gao moja mkononi. Ukiachia, ikisambaa kama chumvi kavu, una poda inayotembea yenyewe. Ikibaki donge kama tonge la ugali, hiyo inanata, itagoma kutoka. Kuna ya tatu inayodanganya watu, ukiifinya inateleza katikati ya vidole kama maji, saruji iliyotoka kujazwa sasa hivi na poda nyingine laini sana ziko hivo, hizo hazigomi kabisa, tatizo lake ni kwamba ukizifungulia hazisimami.

Usisahau unyevu. Dar hii sio Dodoma, kuanzia Machi hadi Mei hewa yenyewe unaweza kuikamua, na poda kama chumvi, urea au chokaa isiyozimwa inavuta maji ya hewani hata paa halivuji. Kwahiyo rudia kipimo cha kiganja kwa poda iliyokaa wiki stoo, sio ile iliyotoka mashineni leo. Ile ya leo kila mtu anaipenda.

Hatua ya 2: Itatokaje?

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, sehemu nyingine zote unaweza kurekebisha baadae ila kitako cha begi kikishashonwa kimeshonwa.

Kitako bapa: kinafaa kama mteja wako atalichana begi na kulitupa, au kama unapakia kitu cha kumwaga chote kwa wakati mmoja, kama kokoto au mbolea shambani. Kwa poda inayoingia kwenye mashine kidogokidogo achana nacho.

Kitako chenye spauti, yaani ule mdomo wa kitambaa unaoning'inia kama mkono wa shati: hii ndo ya kawaida kwa poda. Vipimo vinavyotengenezwa sana ni upana wa sentimita 35 hadi 40 na urefu wa 45 hadi 50. Kabla ya kuoda nenda kapime mdomo wa hopa yako kwa futi, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Spauti pana kuliko mdomo wa hopa itakunjana na kumwaga pembeni, spauti fupi haishikiki na klampu na mafundi wataishikilia kwa mikono, na mtu akishikilia spauti kwa mikono maana yake kichwa chake kiko chini ya tani moja inayoning'inia. Hilo halijadiliwi.

Kwenye spauti angalia inavofungwa. Begi likiwa chini ya mzigo mwingine au likiwa safarini, uzito wa poda iliyo juu unausukuma ule mdomo, kwahiyo inatakiwa kuwe na kifuniko cha nje kinachobeba huo uzito. Kuna cha vipande vinne vinavokunjana kama bahasha na kufungwa kamba katikati, na kuna cha duara kinachovutwa kwa kamba kama kiuno cha pajama. Mimi napenda cha vipande vinne kwa poda nzito, ila cha pajama kinafungwa haraka zaidi na ni kisafi zaidi kwa chakula. Kamba ya spauti yenyewe ifungwe fundo la kufyatua, sio fundo la kufungia mbuzi, maana nimeona watu wanakata kamba kwa wembe wakiwa wamepiga magoti chini ya begi.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawakwambii: spauti haizuii mtiririko. Ukishafungua kamba, poda laini inashuka yote. Begi lenyewe halina akili ya kutoa kilo 50 likasimama, linachofanya ni kukuruhusu wewe kuweka kitu cha kudhibiti chini yake. Kama unataka kutoa kwa kipimo unahitaji kimoja kati ya hivi: valvu ya airisi, ile yenye kitambaa kinachojisokota kikabana spauti kama unavosokota mdomo wa mfuko wa nailoni, au geti la kuteleza, au vyuma viwili vya kubana spauti, na chini ya hopa skrubu au valvu ya kuzunguka inayochota kwa mwendo unaoutaka. Valvu ya airisi ina faida kwamba unaweza kufunga begi likiwa limetoka nusu ukaliondoa, kwahiyo spauti yake lazima iwe ndefu na kitambaa chake kiwe laini. Spauti ya kitambaa kigumu haisokoteki, inaacha tundu katikati na poda inaendelea kuchuruzika.

Kwa poda inayonata shida ni ya upande wa pili. Inajishikilia yenyewe juu ya mdomo kama paa la pango, chini unaona tupu ila juu kuna kilo mia saba zimekaa. Hapo dawa ya kwanza ni mdomo mpana zaidi, au kitako chenye umbo la faneli, au kile kinachofunguka chote. Dawa ya pili ni fremu yenye vyuma vya kusukumasukuma begi kwa pembeni chini. Kupiga begi kwa rungu sio dawa, najua tunafanya, mimi pia nimefanya. Na vibreta kuweni nayo makini jamani: ukiiwasha wakati mdomo umefungwa haitikisi poda itoke, inaishindilia. Fungua kwanza, alafu tikisa, kwa vipindi vifupi.

Hatua ya 3: Itaingiaje?

Juu kuna namna tatu. Wazi kabisa, ya sketi yaani kitambaa kirefu kinachofungwa juu kama gunia, na ya spauti. Kwa poda inayopimwa na yenye vumbi nenda na spauti ya juu, inavishwa kwenye bomba la mashine na kubanwa kwa mpira unaojazwa upepo, vumbi linabaki ndani. Ya sketi inafaa kama mnajaza kwa koleo, na kwa kweli viwanda vingi vidogo hapa mjini vinajaza kwa koleo, sio dhambi, ila usilipie spauti ambayo hutaitumia.

Poda ikishuka, hewa iliyokuwa kwenye begi lazima itoke mahali. Isipotoka inarudi juu na vumbi, au inakaa ndani na begi linavimba kama puto, linaonekana limejaa wakati lina kilo 700. Kwahiyo bomba la kujazia liwe la kuta mbili, poda katikati, hewa inavutwa pembeni kwenda kwenye filta. Kama huna hiyo mashine basi jaza taratibu na acha kitambaa kipumue, maana kitambaa kisichopakwa plastiki kinapitisha hewa, nitarudi hapo chini.

Utaratibu wa kujaza tunaofuata sisi ni huu. Kwanza funga spauti ya chini. Unacheka? Kila mwezi kuna anayesahau, na wa mwezi uliopita alikuwa fundi mkuu. Paleti chini, mikanda minne kwenye ndoano, spauti ya juu ibanwe, kama kuna laina, yaani mfuko wa nailoni wa ndani, puliza kwa feni hadi ikunjuke iguse kuta zote, ikibaki na mikunjo itachanika au itanasa poda. Jaza robo ya kwanza ukiwa umelishusha begi kidogo kitako kiguse paleti kikae vizuri, tikisa kidogo, endelea. Kilo 30 za mwisho punguza mwendo. Na kumbuka kuna poda ambayo iko hewani kati ya geti na begi wakati unafunga, hiyo itaongezeka kwenye mizani baada ya wewe kusema basi. Kwahiyo jaza begi tano, andika kila moja limezidi kilo ngapi, chukua wastani, hiyo ndo namba ya kutanguliza kufunga. Yetu ni kilo 6, yako itakuwa tofauti kulingana na urefu wa bomba na poda yenyewe. Mizani yenyewe kama unauza kwa uzito lazima iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, muhuri wa mwaka huu, sio ule uliofutika.

Poda ya moto kutoka kwenye draya, mashine ya kukaushia, usiipakie moja kwa moja. Laina inalainika mapema kuliko kitambaa, na hata isipolainika, mvuke unabaki ndani, usiku begi likipoa unageuka maji kwenye kuta na asubuhi una madonge. Hii inawakuta watu wa unga wa muhogo sana alafu wanalaumu begi.

Hatua ya 4: Saizi, na hesabu yake ndogo

Begi la msingi wa sentimita 90 kwa 90 likijaa halibaki mraba, linakuwa duara. Mzunguko wake ni 360, gawa kwa 3.14 unapata upana wa karibu 115. Hii namba ishike maana ndo inayowaumbua watu kwenye paleti na kwenye kontena. Eneo la duara hilo ni kama mita ya mraba 1.03, kwahiyo ukijua lita zako unajua urefu.

Mfano chokaa yenye kilo 0.5 kwa lita: tani moja ni lita 2,000, gawa kwa 1.03, urefu karibu mita 1.94. Refu mno. Kanuni inayofuatwa ni kwamba urefu wa begi lililojaa usizidi mara mbili ya upana wa msingi, kwa msingi wa 90 ni mita 1.8, na mimi kwa sakafu zetu zilivo napenda liwe chini zaidi ya hapo. Kwahiyo chokaa hiyo iweke kilo 800, urefu unakuwa kama mita 1.55, linasimama bila kulewa. Sukari tani moja inakaa mita 1.15 hivi, saruji hata mita moja haifiki. Unaona sasa kwanini jibu la "begi la tani moja" halina maana yoyote, ni sawa na kumwambia fundi cherehani nishonee suruali ya kilo sabini.

Tumia uzito wa poda iliyolegea kwenye hesabu, sio iliyogongwa, maana wakati wa kujaza imelegea. Kesho yake itakuwa imeshuka, kawaida, usiongeze.

Kontena la futi 20 kwa ndani lina upana wa mita 2.35 hivi. Mabegi mawili ya 115 ni 230, kwenye karatasi yanaingia, kwenye maisha yanavimba tumboni na kunasa, foklifti inasukuma, mshono unachanika. Ukipakia kwa ajili ya kontena tafuta mabegi yenye kuta za ndani, vitambaa vilivoshonwa kwenye kona vyenye matundu, vinalilazimisha begi libaki mraba. Yanapangika vizuri sana hata kwenye godauni. Ila kwa poda inayonata yana shida, inabaki nyuma ya zile kuta haitoki yote, na kwa chakula usafi wake mgumu. Hapo chagua ugomvi wako.

Na kama mzigo unaenda bara kwa lori, piga hesabu ya jumla kabla, mizani ya malori ya Vigwaza haina undugu na mtu.

Hatua ya 5: Kitambaa, laina na mishono

Kitambaa ni polipropilini iliyofumwa, ndugu wa sandarusi ila mzito zaidi. Kinakuja kimepakwa plastiki ya ndani au hakijapakwa. Kilichopakwa kinazuia vumbi na unyevu kidogo, ila hewa haitoki. Kisichopakwa kinapumua ila poda laini inachungulia nje. Poda laini sana kama kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, itakutokea kwenye kila tundu la sindano, kwahiyo omba mishono yenye uzi mnene wa kuziba ndani yake. Wengi hawasemi kwenye oda, alafu wanalalamika begi linavuja vumbi wakati kitambaa hakina kosa.

Laina ni mfuko wa nailoni wa ndani. Kama poda inavuta unyevu, kwa Dar usibishane, weka. Swali ni imeshikiliwa vipi. Laina inayoelea tu ndani, siku ya kutoa inashuka na poda inaingia kwenye hopa inazunguka kwenye skrubu, mnasimamisha kazi nusu siku mnachomoa nailoni vipandevipande. Omba iliyoshonewa kwenye begi au iliyogundishwa, na iwe na mdomo wake unaopita ndani ya spauti ya chini. Iliyokatwa kwa umbo la begi ni bora zaidi na ghali zaidi.

Kuna wanaouliza marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019. Ile ni ya mifuko ya kubebea, vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa. Endelea na kazi.

Jua ndo adui mwingine. Polipropilini bila dawa ya kukinga jua inaoza, ukiikunja inatoa unga. Hata yenye dawa usiianike uani miezi mitatu kisha ukanyanyulia tani.

Hatua ya 6: Cheche, hapa tusitaniane

Poda ikisuguana na kitambaa inazalisha umeme tuli, uleule unaokushtua ukivua sweta. Sasa vumbi la unga, sukari, wanga, maziwa ya poda, salfa, yote yanalipuka yakiwa hewani kwa kiasi cha kutosha. Februari 7, 2008 kiwanda cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, Georgia, Marekani kililipuka kwa vumbi la sukari watu 14 wakafa. Chanzo kule hakikuwa begi, nataja tu kwa wale wanaosema sukari sio petroli.

Mabegi yamegawanywa aina nne. Aina A haina kinga yoyote, ni kwa vitu visivyowaka, chokaa, saruji, chumvi, na pasiwe na mvuke wa kuwaka karibu. Aina B kitambaa chake kinazuia ile cheche kubwa ya hatari, inafaa kwa poda nyingi zinazowaka lakini sio zile zinazowaka kwa cheche ndogo mno, chini ya milijuli 3, na sio palipo na tina au spiriti. Aina C ina nyuzi zinazopitisha umeme na lazima ifungwe waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kila unapojaza na kila unapotoa. Ukiisahau ethi, begi la C ni hatari kuliko hata la A, maana limekusanya umeme wote sehemu moja likisubiri mtu aguse. Aina D inajipunguzia umeme yenyewe bila waya, ila iwe safi, ikipakwa grisi au ikilowa haiaminiki, na vyuma na watu walio karibu bado wanatakiwa wawe na ethi.

Salfa, ambayo inapita sana bandarini kwetu kwenda Zambia na Kongo, vumbi lake linawaka kwa cheche ndogo mno, kwahiyo A na B hazifai kabisa. Na usichukue laina ya kawaida ukaitumbukiza kwenye begi la C, umeua kazi yote ya zile nyuzi, laina nayo ina aina zake muulize mtengenezaji ipi inaendana. Kama mzigo ni kemikali hatari begi liwe na alama ya UN, inaanzia 13H, na maswali ya vibali yaende kwa Mkemia Mkuu sio kwa dereva wa foklifti.

Hatua ya 7: Nguvu na kunyanyua

Soma lebo iliyoshonwa. Kuna uzito salama, tuseme kilo 1,000, na kuna namba kama 5:1 au 6:1. Ya 5:1 imejaribiwa kubeba mara tano ya uzito huo na ni ya safari moja, ukitoa mzigo limemaliza kazi. Ya 6:1 ni ya kurudia. Hizi ni za kiwango cha ISO 21898. Sasa kuna mabosi wakisikia mara tano wanaona kumbe tani moja na nusu inaingia. Hapana bosi, ile akiba ni ya mshtuko wa foklifti ikipita kwenye shimo, sio ya kwako. Lebo haina namba, usinunue.

Mikanda yote minne inyanyuliwe pamoja, wima, meno ya foklifti yasiwe na ncha kali, na umbali wake ulingane na upana wa mikanda isivutwe kwa pembe. Mikanda iliyovuka kona inasimama yenyewe, dereva anaingiza meno bila msaidizi wa kushika, kwahiyo kama huna watu wengi oda hiyo.

Hatua ya 8: Sampo kabla ya oda, na ya mitumba

Omba sampo tatu. Geuza moja ndani nje, ingiza tochi usiku uangalie mishono. Ya pili jaza poda yako halisi, iache siku tatu ikiwa na begi lingine juu, alafu itoe kwenye hopa yako halisi, na saa mkononi: imetoka dakika ngapi, kimebaki kilo ngapi, vumbi limetoka wapi. Ya tatu ifunge ubaki nayo, oda ikija ulinganishe, maana sampo huwa ni mtoto wa bibi harusi na mzigo huwa ni mtoto wa jirani.

Mitumba: mtaani yapo mengi, wale vijana wa kukusanya chupa wanayatumia na kwa chupa yanafaa sana. Kwa chakula kamwe, hata yameoshwa, huwezi kujua lilibeba nini. Kwa poda isiyo ya chakula, labda, kama ni ya 6:1, unajua limetoka kwa nani na umekagua mikanda uzi kwa uzi.

Oda yangu ya mwisho ya chokaa niliiandika hivi kwa WhatsApp, unaweza kuibeba ukabadilisha namba: "Msingi 90 kwa 90, urefu 165, uzito salama 1,000 ila tunajaza 800, 5:1, Aina A, kitambaa kimepakwa, mishono ya kuzuia vumbi, juu spauti 40 kwa 50, chini spauti 35 kwa 50 kitambaa laini na kifuniko cha vipande vinne, laina yenye mdomo chini imegundishwa, mikanda ya kuvuka kona sentimita 30, lebo kamili. Sampo tatu kwanza." Muuzaji alinipigia akauliza, sasa bosi, si ungesema tu la tani moja?